Kabla hujafunga amplifaya ya pili, nunua waya kwanza

Aliyegundua ugonjwa wa gari langu ni shangazi. Nilikuwa nampeleka Mbagala, muziki nimeupunguza kwa heshima yake, na kila nikikanyaga mafuta spika zinalia nyiii, nikiachia sauti inashuka. Akavumilia weee, mwisho akashindwa: "Baba, kwani humu ndani kuna mbu?"

Amplifaya ya pili ilikuwa na siku tatu tu tangu ifungwe.

Gari lenyewe ni Toyota IST. Lilikuwa na amplifaya moja ya wati 500 inayosukuma sabufa ya inchi 12 kwenye buti, na spika za milangoni zilikuwa zinategemea redio. Redio nyingi zimeandikwa usoni 50 x 4, lakini sauti safi inayotoka humo ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Basi besi ikawa inameza kila kitu. Ukiweka taarabu, mwimbaji humsikii, unasikia namba ya gari inagongagonga. Dawa yake ni amplifaya ya chaneli nne kwa ajili ya milango, na hapo sikukosea. Ila kama shida yako ni besi kuwa ndogo, usikimbilie amplifaya nyingine. Angalia boksi la sabufa kwanza, mengi ya haya ya kununua tayari ni mabovu.

Kosa langu lilikuwa kumwachia fundi kila kitu nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amevuta moto wa amplifaya mpya kutoka kwenye skrubu ya ile ya zamani, waya uleule wa geji 8 sasa unalisha mbili. Ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari, kaifunga kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi. Nikamuuliza kama waya utahimili. "Kaka, hizi nafunga kila siku." Nilipomrudia na habari ya mbu akaniambia nikifungulia muziki sitausikia huo mlio. Hapo hakudanganya.

Siku ya nne, nikiwa kwenye foleni, nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua boneti, nyumba ya fyuzi imelainika kama mshumaa na kifuniko kimeegemea upande, lakini fyuzi yenyewe nzima, haijakatika. Pale waya unapoingia kwenye fyuzi palikuwa pamelegea. Penye kulegea panapata joto hata kama umeme haujazidi kiwango cha fyuzi, kwa hiyo fyuzi inakaa kimya huku plastiki inaungua.

Nikakaa na kalamu. Amplifaya ya sabufa, ikitoa wati 500 kamili, inakula kama ampea 45. Ile ya chaneli nne, wati 60 kwa kila spika, inapoteza umeme mwingi kwa joto, nayo inafika ampea 30. Jumla 75. Altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, kwa gari dogo kama hili ni ampea 70 au 80, na hapo kuna taa, feni na AC vinasubiri zamu. Kinachotuokoa ni kwamba muziki hauvuti nguvu zote muda wote. Waya wa geji 8, tena wa bei ya chini, kwa safari ya kutoka betri hadi buti, haukuwa na ubavu huo.

Nikanunua mita 6 za geji 4 ya shaba tupu; kwenye geji, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi. Dukani kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hata unene ukiwa uleule haibebi sawa. Tukatoa ncha ya hasi ya betri, tukaweka fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inalinda waya na gari lako lisiungue, amplifaya zina za kwake. Kule buti waya mnene unaingia kwenye kigawio, zinatoka njia mbili, moja ina fyuzi ya 60 na nyingine ya 40.

Mbu alikufa kwenye ethi. Tulikwangua rangi mpaka bati likang'aa, tukafunga ethi za amplifaya zote mbili sehemu hiyo moja, kwa waya mfupi wenye unene sawa na ule wa moto. Waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka redioni, tukazihamishia upande wa pili wa gari, mbali na waya wa moto. Waya mwembamba wa kuwashia kutoka redioni unaweza kuungwa kwenye zote mbili bila shida.

Halafu kuna geini, kile kirungu cha amplifaya cha kuilinganisha na sauti inayotoka redioni, ambacho vijana wengi wanadhani ni voliyumu. Weka redio robo tatu, pandisha geini taratibu mpaka sauti ya mwimbaji ianze kukwaruza, kisha rudisha nyuma kidogo. Spika za milango nilizikata zisipokee sauti nzito za chini ya hezi 80, sabufa ikabaki na zile za chini. Spika zilezile za zamani zikaanza kutoa maneno.

Kabla ya ukarabati, muziki ukiwa juu, multimita ilisoma volti 13.9 kwenye betri na 12.3 kwenye amplifaya. Sasa inasoma 13.6 kule nyuma. Usiku kwenye mataa, AC ikiwa imewashwa, taa za dashibodi bado zinafifia kidogo besi ikigonga. Hiyo ni altaneta, na hela yake bado sijaipata, kwa hiyo nazima AC nafungua dirisha.