Maswali ya Wasomaji: Mbwa Asiyekubali Kukatwa Kucha

SWALI: Daktari, shikamoo. Tunaishi Mikindani na tuna mbwa wa miaka minne, Simba, tuliyeachiwa na jirani aliyehamia bara. Ni mpole kwa kila jambo isipokuwa hili: mtu akimgusa mguu huuvuta, na akiona mkasi hunguruma na kujificha chini ya gari. Mwezi uliopita wanaume watatu walimkandamiza sakafuni ili mume wangu amkate kucha. Ukucha mmoja ukatoka damu nyingi, na tangu siku hiyo hakubali hata kufutwa matope. Kucha zake ni nyeusi, na sasa akipita barazani utadhani ni mtu aliyevaa mitalawanda. Kijana anayetusaidia nyumbani ni Mwislamu na hapendi kulambwa na mbwa, kwa hivyo kazi imeniangukia mimi peke yangu. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hatujafika kwenye mkasi, hakikisha kwanza kwamba miguu ya Simba haimuumi, kwa maana mbwa anayevuta mguu kwa maumivu hawezi kufundishwa kuutoa kwa hiari. Mtazame akiwa amelala usingizi: kati ya vidole hujificha kupe, na huku kwetu pwani, penye mchanga mkavu, funza huwaingia mbwa kama wanavyowaingia watu, wakaacha uvimbe mdogo mweupeweupe wenye nukta nyeusi katikati. Angalia pia ukucha wa kidole cha pembeni kwenye miguu ya mbele, ule usiogusa ardhi. Kwa kuwa hauchakai kwa kutembea, hukua ukijikunja, na ukiachwa muda mrefu huweza kurudi na kuchoma nyama. Ukikuta lolote kati ya hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, wala usianze kuchokoa kwa pini.

Ikiwa miguu ni mizima, basi ugonjwa wa Simba ni kumbukumbu. Wale wanaume watatu walikuwa na nia njema, lakini walichomfundisha ni kwamba mkono ukishika mguu, damu hufuata, na kila mtakapomkandamiza tena mtakuwa mnalirudia somo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Naomba pia asikemewe anaponguruma. Kunguruma ni hisani anayokufanyia; mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma huweza kuacha onyo na kuuma moja kwa moja. Na kabla ya kunguruma huwa ameshasema mengi: hugeuza uso, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, kisha mwili wote hukakamaa. Ukiona kukakamaa huko, uache mguu.

Sasa anza upya, polepole. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), uyakate vipande vidogo kama punje za mahindi, na vipande hivyo vitoke wakati wa kazi hii tu. Siku za kwanza mkasi ulale sakafuni na usifanye lolote. Simba akiukaribia, apate ini. Kisha gusa bega lake, umpe. Shuka hadi kiwiko, umpe. Siku nyingine ufike kwenye kidole na kukiminya kidogo. Mpangilio ndio huo, kwanza mguso, kisha ini. Ukitanguliza chakula ili kumhadaa, ataanza kukishuku hata chakula chenyewe. Dakika tatu kwa siku zinatosha. Mkasi nao umlizie karibu kwa kukatia kijiti kikavu au tambi mbichi, kwa kuwa mbwa wengi huogopa ule mlio kuliko kukatwa kwenyewe.

Siku atakapotulia, kata ukucha mmoja, umpe ini, ufunge kazi. Najua utatamani kumaliza mguu mzima kwa kuwa amekubali, lakini hapo ndipo watu wengi huharibu. Mbwa kwa kawaida ana kucha 18, nne kwa kila mguu na mmoja wa pembeni kwa kila mguu wa mbele. Ukikata mmoja kwa siku utamaliza kwa siku 18, na kwa kuwa kucha huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki tatu au nne, utakuwa umefika kwa wakati bila mtu kumshika kwa nguvu.

Kwa kucha nyeusi, ambazo nyama ya ndani haionekani, usikate kipande kikubwa. Kata vipande vyembamba mfano wa ganda la kitunguu, na baada ya kila kipande tazama uso wa ukucha uliokatwa. Mwanzo utaona ukavu wa rangi ya chaki. Ukiendelea, katikati itatokea nukta ya kijivu au nyeusi yenye kung'aa kama kitu kilicholowa. Hiyo ndiyo dalili kwamba nyama yenye damu na neva imekaribia, na hapo simama. Kwa kuwa kucha za Simba zimekuwa ndefu, nyama hiyo nayo imerefuka, kwa hivyo hutazifupisha zote kwa safari moja. Ukipunguza kidogo kidogo mara kwa mara, nayo hurudi nyuma taratibu. Damu ikitoka, bonyeza ncha ya ukucha kwenye unga laini wa wanga wa mahindi kwa dakika chache bila kufunuafunua.

Iwapo mkasi umeshakuwa adui kabisa, uache. Mwombe seremala kipande cha ubao chenye upana wa viganja viwili, ugundishe msasa wa namba 80, na umfundishe Simba kuuparua kwa miguu ya mbele ili apate ini. (Wazee wetu walipigia mbao msasa kwa majani ya mti wenye jina hilo hilo, wa dukani unadumu zaidi.) Mbwa hujisaga kucha mwenyewe, hakuna anayemshika, na hata kijana wenu anaweza kusimamia zoezi hilo kwa umbali bila kuguswa na mate. Kucha za nyuma na za pembeni ndizo zitakazobaki kwa mkasi.

Jambo la mwisho ni joto. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, kwa hivyo usifanye kazi hii saa nane mchana katika chumba kisicho na upepo. Na ukilazimika kumvika kifungio cha mdomo, kiwe cha aina ya kikapu kinachomruhusu kuhema na kupokea ini, si kamba iliyofungwa taya zisifunguke.

SWALI: Nimeshauriwa nimpe mbwa wangu tembe za maumivu za binadamu alegee ndipo nimkate kucha. Je, ni salama?
Msomaji, Likoni

JIBU: Si salama, ndugu yangu. Parasetamoli na ibuprofeni huweza kuwa sumu kwa mbwa, na wala hazimlegezi. Zipo dawa za kupunguza hofu, kama gabapentini na trazodoni, ambazo daktari wa mifugo hupima kulingana na uzito wa mbwa na afya yake, na mwenye mbwa humpa saa moja au mbili kabla ya kazi. Kwa mbwa aliyekwisha kuuma mtu, kulazwa usingizi mwepesi kliniki na kukatwa kucha zote kwa mara moja ni afadhali kuliko mieleka nyumbani. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa iko kabatini. Kadi hiyo ichukue uende nayo.