Kabla ya Kuitisha Kikao: kwa Wadogo Zangu wa Wadi Yetu

Wadogo zangu, nimeliona bango jipya: ngumi, jua jekundu, hashtegi, na "Jumamosi saa nne asubuhi, ufuoni". Kundi la WhatsApp limejaa kwa siku moja. Nikauliza nani amezungumza na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Kimya. Nawapenda, na ndiyo maana leo nawafokea kidogo.

1. Shikeni kalenda. Juni 2024 mliitikisa Kenya kwa maandamano, na tarehe 26 Rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Lakini pesa za mtaro wenu na za miche ya mikoko hazipatikani kwa njia ile. Ziko kaunti: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba, CFSP, yaani waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mkija Juni na mabango, mgao umeshakatwa.

2. Jueni maji. Hapa mnivumilie, maana bado paniuma. Aprili ya mwaka mmoja tuliitisha kikao cha kijiji kuhusu ufuo unaoliwa na bahari, tupeleke maoni kabla bajeti haijaingia bunge la kaunti. Aliyepanga ni mimi. Nilichagua Jumamosi saa nne asubuhi kwa sababu jioni tulikuwa na mjadala mtandaoni na nilitaka picha za kuonyesha. Sikutazama mwezi. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukauka kuliko kawaida. Saa hiyo maji ya pwani yetu yamekauka kabisa, na akina mama wako mwambani wanachokoa pweza, wala hakuna anayeacha maji kama yale kwa ajili ya hotuba. Viti vikajaa sisi wa mjini na wazee wachache. Tukaomba ukuta wa mawe, kwa kuwa ukuta ndio uliokuwa ukidaiwa mtandaoni. Tukatia saini, karatasi ikaondoka na boda.

Mchana akina mama wakapanda na ndoo zao. Mmoja, aliyepanda kwa mikono yake mikoko ya hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, akaniuliza, "Mwanangu, huo ukuta utapita wapi?" Nikamwonyesha. Ulikatisha palepale wanaposhukia baharini. Hakunigombeza. Alitua ndoo, akajifuta mikono kwa leso, akasema, "Basi mshatusemea." Nikaomba radhi, nikazunguka nyumba kwa nyumba, tukaandika barua ya kuliondoa ombi la ukuta, ikakubaliwa. Lakini ombi lao wenyewe, miche na ulinzi wa hori, lilikuwa tayari limepitwa na 30 Aprili. Likangoja mwaka mzima wa fedha, na pepo za kusi za mwaka ule zikamega ufuo bila kumngoja mtu. Hilo siwezi kulirudisha.

3. Chifu, mzee wa mtaa na imamu wapate habari kutoka kwenu, si kwa kusikia tu.

4. Wekeni daftari la mahudhurio: jina, kijiji, saini ya kalamu. Maelfu ya saini za mtandaoni hayamwambii mwakilishi wadi ni nani anayeishi kwake. Na daftari hufika mbali. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Picha za kampeni zilizunguka dunia, na zilisaidia. Ila waliokata rufaa ni Save Lamu na wenyeji wenzao, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni ile, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ya namna hiyo inataka mtu anayeweza kueleza kikao kilifanyika lini, nani aliitwa, nani hakuitwa, na ripoti ilionyeshwa kwa nani. Mnapoona uvivu kuandika majina, ikumbukeni Lamu.

5. Kamati ya tabianchi ya wadi ipo kwa ajili yenu pia. Msiwaachie watu walewale wa kila semina. Muulizeni msimamizi wa wadi majina ya wajumbe na tarehe ya kikao kijacho. Akiwazungusha, andikeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha nileteeni tuisome pamoja.