Turbo ya Forester kwenye pikipiki: kwa mkuu mwenye Boxer 150

Mkuu, umeuliza kama ile turbo ya Subaru Forester uliyoikuta kwa muuza spea inaweza kufungwa kwenye Boxer yako ya cc 150, na ukasema una milioni 3 mkononi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu turbo ya aina hiyo, TD04, ninayo kwenye pikipiki yangu huu mwaka wa tatu, na pikipiki yenyewe nimeiunga hapa hapa Dar kwa vipande vya huku na huku. Kwa Boxer jibu ni hapana. Ila sababu yake uielewe vizuri, maana ndiyo itakayokusaidia kupata pikipiki inayofaa.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, na inaangalia kitu kimoja: hewa kiasi gani inapita kwa dakika. Injini ya stroku nne inavuta ujazo wake mara moja kila ikizunguka mara mbili. Forester ya lita 2 ikiwa kwenye mizunguko 6,000 inavuta karibu lita 6,000 za hewa kwa dakika. Boxer yako ukiivuta mpaka 8,000 inapitisha kama lita 600. Mara kumi pungufu! Ni sawa na mtu kutaka kuzungusha pangaboi kwa kulipuliza kwa mdomo. Halafu ina silinda moja, moshi unatoka kwa vishindo vyenye nafasi katikati, kwa hiyo hata hicho kidogo hakiji kwa mfululizo.

Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa Suzuki Bandit 1200. Ujazo wake ni cc 1,157, mizunguko 9,000, unapata kama lita 5,200. Hapo turbo ya Forester inajiona iko nyumbani. Ukiwa na pikipiki ya cc 400 inayofika mizunguko 11,000, hesabu inakupeleka kwenye turbo ndogo za magari ya cc 660, kama Suzuki Every au Jimny. Lakini angalia na kompresheni, yaani injini inabana hewa mara ngapi ndani ya silinda. Honda CB400 Super Four iko juu ya 11 kwa 1, na ukiisukumia hewa bila kuishusha utatoboa pistoni. Bandit 1200 ni 9.5, inavumilia presha ndogo. Kawasaki walipotoa GPz750 Turbo mwaka 1984 waliishusha mpaka 7.8, na wao walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao.

Mimi Bandit yangu niliipata imepata ajali, shokapu za mbele zimepinda, taa hakuna, tenki limebonyea, ila injini ni nzima. Nililipa milioni 2 na laki 6. Turbo ilinigharimu laki 2 na elfu 20 tu pale Ilala. Hapo ndipo watu wengi tunapodanganyika, unaiona turbo ni rahisi unadhani kazi imekwisha. Nilipomaliza nilikuwa nimetumia milioni 6 na kidogo, na turbo yenyewe ilikuwa kati ya vitu vya bei ndogo kabisa.

Menifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalopeleka moshi kutoka injini hadi kwenye turbo, nilitengeneza kwa kona za bomba nene la chuma cheusi, siyo stenlesi. Flanji, yaani bamba za kufungia bomba kwenye injini, tulikata za milimita 10, na wakati wa kuchomelea tuliziacha zimefungwa kwenye silinda hedi chakavu ili zisipinde kwa moto. Fundi wa kuchomelea kwa gesi ya argon pale mtaa wa Gerezani alitaka kuchomea mezani, nikamwomba sana asifanye hivyo. Na usiache uzito wa turbo uning'inie kwenye stadi (bolti) za ekzosi. Weka mkono wa chuma unaoishikilia kutoka kwenye injini yenyewe, la sivyo stadi zitakatika ndani ya hedi, na kuzitoa humo ni kilio.

Upande wa mafuta nilichagua kupuliza hewa kupitia kabureta, kama Yamaha walivyofanya kwenye XJ650 Turbo mwaka 1982. Njia nyingine ni kuweka kabureta moja kabla ya turbo. Inaonekana nyepesi, ila bomba lote linajaa mchanganyiko wa petroli, na sili za turbo ya gari la injekta hazikutengenezwa kuvutwa na vakyumu upande huo, zitanyonya oili. Siipendekezi.

Ukipuliza kupitia kabureta, kuna jambo moja lazima likukae kichwani. Tenki likiwa sentimita 40 juu ya kabureta, petroli inashuka kwa presha ya kama bar 0.03. Turbo ikileta bar 0.5 kwenye kabureta, petroli itarudi ilikotoka. Kwa hiyo unahitaji pampu ya umeme na rejuleta ya presha ndogo yenye mpira unaosoma hewa ya turbo, ili petroli siku zote iwe mbele ya hewa kwa kama bar 0.2. Rejuleta ya gari la injekta haifai, ile inashika bar 3 na itafurika kabureta zote. Hii ni spea mojawapo ambayo sikuipata used, niliagiza nje, na ilinichukua wiki sita kuisubiri. Usijaribu kuibuni.

Na hapo hapo ndipo nilipokosea. Jumapili ya kwanza nilitoka alfajiri barabara ya Bagamoyo. Gia ya tatu, nikafungua mafuta, geji ikapanda mpaka bar 0.2, injini ikazima kama mtu kageuza ufunguo. Nikipunguza, inarudi. Nikifungua, inakufa. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, siku nne nahangaika. Kumbe vipumulio vya mabakuli ya kabureta, yale yanayokaa petroli, nilikuwa nimeviacha wazi vinapumua hewa ya nje. Juu kuna presha ya turbo, ndani ya bakuli hakuna, petroli itapandaje kwenye jeti? Nilivuta mipira midogo kutoka kwenye vipumulio vyote nikaiunganisha na boksi la hewa lenye presha, pikipiki ikaondoka vizuri siku ile ile. Namshukuru Mungu kila nilipofungua ilizima kabisa, maana ingeendelea kwenda na mafuta pungufu ningepoteza pistoni.

Kosa la pili lilikuwa oili. Nilitaka turbo ikae chini mbele ya injini isionekane, kwa hiyo mpira wa kurudisha oili ulilala karibu bapa, na sehemu moja ulizama kidogo kabla ya kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Moshi wa bluu ukajaa mtaa mzima. Nikaamini turbo mbovu, nikanunua nyingine. Moshi ule ule. Siku moja nikiwa nimelala chini na tochi, nikaukamua ule mpira kwa vidole: umejaa oili kama soseji. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha lakini inatoka kwa uzito wake tu. Ikikuta kizuizi inarundikana na kupitia kwenye sili. Nilipandisha turbo sentimita 7, nikaweka mpira mpana unaoshuka moja kwa moja mpaka juu ya usawa wa oili kwenye sampu, moshi ukakatika. Turbo ya kwanza niliyoilaumu ndiyo iliyopo mpaka leo.

Bandit haina maji, inapozwa kwa oili na upepo, kwa hiyo njia za maji za turbo hazina kazi kwangu. Niliziacha wazi bila kuziba. Kabla ya kuzima naiacha ingurume taratibu imesimama dakika mbili ili turbo ipoe, siku zote, hata nikiwa na haraka.

Kuhusu intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, mimi sina. Hewa ya Dar ikiingia na nyuzi 30, ukiibana kwa bar 0.5 inatoka karibu na nyuzi 90. Ndiyo maana faida ya kweli si asilimia 50 kama geji inavyokushawishi, ni kama robo tu, kwa sababu hewa ya moto imetanuka. Kwangu robo inatosha, na siruhusu ipite bar 0.5. Ukitaka zaidi ya hapo, weka intakula, shusha kompresheni kwa bamba chini ya silinda, kisha ongeza. Muda wa moto, yaani plagi ipige cheche lini, niliurudisha nyuma digrii chache kwa kutanua matundu ya bamba la pikapu, sensa inayoipa plagi ishara. Na nilinunua sensa ya oksijeni ya waidibandi mpya, inayosoma kwenye ekzosi uwiano wa hewa na mafuta. Nikiwa kwenye presha nataka kuona 11.5 mpaka 12 za hewa kwa 1 ya mafuta. Ikienda 13 nafunga mkono wa mafuta mara moja. Sikio peke yake halitoshi, injini ikianza kugonga ndani ya kelele ya barabara hutaisikia.

Klachi iliteleza wiki ya kwanza. Dawa yake kwenye Bandit inajulikana: unaweka springi ya sahani ya pili juu ya ile ya kwanza. Liva inakuwa nzito mkononi, ila inashika.

Breki nakuomba sana usizifanye za mwisho. Shokapu na breki za mbele nilitoa kwenye GSX-R, shina la sitelingi la Bandit likapreswa kwenye bamba la chini la GSX-R kwa fundi wa lethi. Hiyo kazi nilifanya kabla turbo haijapuliza hata mara moja.

Kwa milioni 3 yako, mkuu, achana na wazo la Boxer na uanze na pikipiki yenyewe, Bandit au nyingine ya ukubwa huo, hata iliyogongwa, mradi injini inawaka na haina moshi. Iendeshe kwanza bila turbo. Hiyo turbo kama bei ni nzuri kweli ichukue uiweke, lakini kabla hujalipa ingiza vidole uishike shafti. Kuyumba kidogo pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma ukasikia mlio wa tak, au mapanga yamekwangua nyumba yake, iache. Halafu piga picha bamba la namba lililopo upande wa kompresa, yaani upande wa hewa, uiweke hapa, kwa sababu siyo kila Subaru yenye turbo ilitoka na TD04.