Maswali ya Wasomaji: Nairobi hadi Arusha kwa basi

SWALI: Nimealikwa mkutano wa kikanda Arusha, ukumbi wa AICC. Nitatoka Nairobi kwa basi nikiwa na projekta na kamera za shirika letu, pamoja na katoni mbili za vitabu. Mpakani Namanga nijiandae vipi? (Msomaji, Machakos)

JIBU: Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165, na kutoka hapo hadi Arusha kama 110, lami mwanzo mwisho. Tenga saa sita, na ukiweza ufike siku moja kabla ya mkutano, maana foleni ya mpakani haina mwenyewe.

Beba pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinachomvusha Mkenya kwenda Uganda au Rwanda hapa hakitoshi.

Namanga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Kenya, unashukia jengo la upande wa Tanzania, na maofisa wa nchi zote mbili wamo humo. Anzia dirisha la Kenya ugongewe muhuri wa kutoka, kisha dirisha la Tanzania ugongewe wa kuingia. Wengi huliruka la kwanza kwa kuwa foleni ya pili inakwenda haraka, halafu wakirudi wanaulizwa walitokaje nchini. Usiondoke kabla hujaiona mihuri yote miwili, na tarehe zake zinasomeka.

Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Huanza kuwa halali siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, kwa hiyo kuchanjwa usiku wa kuamkia safari hakukusaidii. Kama una kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, usichanjwe tena: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Ila jina la kwenye kadi lifanane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Vifaa ndivyo vinavyoleta taabu zaidi. Andika orodha, nakala mbili: aina ya kifaa, modeli, na namba ya utambulisho iliyobandikwa chini yake. Omba forodha ya Kenya igonge muhuri kabla hujavuka. Bila karatasi hiyo, siku ya kurudi projekta yako itaonekana kama umeinunua Tanzania na utadaiwa ushuru. Kwa vitabu, onyesha barua ya mwaliko na orodha yenye idadi na thamani, na useme wazi kama ni vya kugawa au vya kuuza. Usivifunge kwa mifuko ya plastiki; nchi zote mbili zimeipiga marufuku, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

SWALI: Nikae upande gani nione milima?

JIBU: Kushoto. Utaona Longido mara baada ya mpaka, kisha Meru, ambao barabara inauzunguka kwa magharibi hadi mjini. Kilimanjaro pia iko upande huo, lakini mara nyingi mawingu huifunika asubuhi ikishakomaa, basi panda gari la alfajiri. Na kama mkutano ni Juni hadi Agosti, chukua sweta nzito: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi kweli.

SWALI: Pesa je?

JIBU: Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, na udai risiti. Wanaokufuata mlangoni mwa basi huhesabu noti zikiwa zimekunjwa, moja ikahesabiwa mara mbili, na dereva akianza kupiga honi huna muda wa kurudia.