Rangi ya unga kwenye jigi za risasi: shughulikia joto kwanza

Wavuvi wengi wa mshipi hapa Malindi siku hizi wanajimiminia wenyewe jigi zao, yaani vyambo bandia vya risasi, ile metali nzito, na ni jambo la kheri, maana bei ya zile za dukani haishikiki. Kinachonisikitisha ni rangi. Mtu anahangaika na kalibu, anamimina, jigi inatoka safi, halafu anaipaka rangi ya kucha au masalio ya rangi ya boti. Ikigonga mwamba mara mbili tatu, risasi imeshaanza kuchungulia. Tumia rangi ya unga. Na ukiitumia, akili yako yote iweke kwenye joto; mambo ya rangi gani yatakuja baadaye.

Unga huu hauna thina. Unayeyuka ukikutana na chuma cha moto, na ukiendelea kuokwa chembe zake hufungamana, zikishafungamana haziyeyuki tena hata ukizirudisha motoni. Uimara wake unatoka hapo. Mafundi wa madirisha ya alumini huurusha kwa bunduki ya umeme, lakini sisi wa vyambo vidogo hatuna haja nayo: unapasha chambo moto, unakichovya. Ukienda kwa mafundi hao kuomba masalio, uliza kama unga ni wa poliesta au wa epoksi. Epoksi hushika sana, ila jua huipausha ikatoa vumbi jeupe. Kwa jua letu hili, chukua poliesta. Uliza pia unaiva kwa nyuzi ngapi, kwa sababu unga wa viwandani mara nyingi hutaka joto kubwa kuliko ule unaouzwa kwa ajili ya vyambo.

Kijue chuma chako kabla hujawasha oveni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, na unga wa vyambo huiva kwenye nyuzi kama 175, kwa hiyo risasi haina wasiwasi. Vyambo vya umbo la kijiko, vya stenlesi au alumini, ndiyo kabisa. Hatari iko kwenye lehemu. Ile ya kawaida ya mafundi wa redio huyeyuka kuanzia nyuzi 183, kwa hiyo pete ya kufungia mshipi uliyoilehemu inaweza kung'oka ovenini ukizidisha kidogo tu. Na waliohama risasi wakamimina mchanganyiko wa bati na bismathi wawe macho zaidi: upo unaoyeyuka kwenye nyuzi 138. Huo utaukuta umetapakaa kwenye trei.

Kuhusu risasi yenyewe, naomba sana: usivunje betri za gari kuitafuta. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumia kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Watoto pia waliumia. Tafuta chubwi za zamani au vizito vya risasi vya wapiga mbizi. Yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali, na kalibu iwe kavu kabisa, kwa sababu tone moja la maji linatosha kuirusha risasi ya moto usoni. Sufuria hiyo isirudi jikoni. Oveni nayo iwe ya kazi hii peke yake, usije ukaokea mkate humo.

Jigi ikitoka kwenye kalibu, kata mabaki, piga msasa, ioshe kwa sabuni, kisha ifute kwa asetoni. Baada ya hapo usiiguse kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuufanya unga usishike. Kama ilitoka na vitundu, ioke tupu kwanza ili hewa iliyojificha itoke. Usipofanya hivyo itatokea chini ya rangi na kuacha malengelenge.

Sasa kuchovya. Unga uliolala hushindiliana, na hewa yetu ya pwani huugandisha mabonge, kwa hiyo uchekeche kwa kichujio cha chai na uweke kwenye mkebe unaofunga barabara. Wenye pampu ya tangi la samaki huipitisha hewa chini ya unga kupitia karatasi ya kichujio, ukavimba na kuchezacheza kama uji unaoanza kuchemka. Ukikosa pampu, utikise mkebe mpaka unga uwe mwepesi. Fanya mbali na jiko la makaa na mwale wowote wa moto, kwani vumbi lake likitanda hewani linaweza kulipuka. Vaa barakoa. Wakati wa kusi funga dirisha. Upepo ule hupeperusha unga na kuipoza jigi ndogo kabla haijafika kwenye mkebe.

Ishike jigi kwa plaisi kwenye pete, itoe ovenini, iingize kwenye unga na kuitoa. Sekunde moja, mbili zikizidi. Kisha itazame kwa makini. Unga ukiwa umeshika kote na unaanza kung'aa polepole mbele ya macho yako, umepatia. Ukiwa mkavu na risasi inaonekana pembeni, joto lilikuwa dogo: irudishe ovenini, uchovye tena. Ukiwa mnene na unateremka kuelekea mkiani, joto limezidi, na utapata chuchu ya rangi chini. Kabla ya kuoka, toboa tundu la pete kwa pini, unga ungali laini.

Watu huharibu kwenye kuoka. Rangi inang'aa, wanadhani imeiva. Zitundike kwa waya zisigusane, ziokwe nyuzi 175 kwa dakika 15 hadi 20, na uhesabu tangu risasi yenyewe ipate joto hilo. Jigi nzito huchelewa. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani, kwani namba za kwenye kitufe cha oveni ndogo hazitegemeki. Ikipoa, isugue kwa kitambaa chenye asetoni. Kitambaa kikitoka na rangi, haijaiva, irudishe.

Rangi za kumeremeta zinataka nyeupe chini yake, la sivyo zinafifia juu ya risasi. Kaskazi maji yakiwa safi, nguru na kolekole nawapelekea fedha yenye mgongo wa buluu. Mto Sabaki ukishusha tope na ghuba ikawa kahawia, naweka nyeusi au zambarau, kwa sababu majini humo kivuli huonekana kuliko mng'ao. Macho ya plastiki na ndoana vifungwe mwisho, jigi ikishapoa.