Leaf ya okazyo hapa Lubumbashi: esansi utaiaga, lakini usiku wa delestaje je?

ULIZO. Yaya, aksanti kwa kazi. Mi niko mama wa Kampemba, nagawanya mikate kwenye maduka kila asubuhi, kilometa kama 40 kwa siku na ka-Corolla kangu, na esansi inanimaliza. Shemeji yangu iko Zambia anataka kuniuzisha Nissan Leaf ya 2012, ile mutoka ya umeme ya batri ya 24 kWh, dolare 4,500 mpaka hapa mulangoni. Anasema hakuna tena esansi, hakuna vidanje. Bwana yangu anasema najifunga kamba mwenyewe. Nani iko na haki?

JIBU. Mama, wote wawili, kila mutu nusu yake.

Ya shemeji kwanza. Leaf ikitembea kilometa 100 inakula kama 17 kWh, weka 20 juu kuna ingine inapotea wakati wa kuchaji. Njia yako ya kilometa 40 basi ni 8 kWh. Kamata fakitire yako ya umeme, angalia bei ya kWh moja, zidisha mara 8, halafu weka pembeni ya zile litre 3 Corolla inakunywa kwa njia ileile, utacheka peke yako. Vidanje hakuna kweli, buji hakuna, ambreyaje hakuna. Inabaki mipira, amotisere, rotili, na hapo barabara zetu hazina huruma kwa mutoka yoyote. Tena Leaf iko chini chini na batri yote imelala chini ya sakafu, kwa hiyo shimo la Januari likijaa maji usiingie paka juu wa mbele yako amepita.

Sasa ya bwana yako. Prizi ya nyumba ikivuta ampere 10 inakupatia kama 2.3 kWh kwa saa moja. Tuseme kwenu umeme unarudi saa tano ya usiku na unaenda saa kumi: ni 11 kWh, mikate inafika, hata kanisani utaenda. Lakini kama kartie yako inalala giza siku tatu, ile mutoka ni kiti cha bei kali. Na usiniambie grupu! Ka-grupu kadogo litre moja ya esansi inatoa karibu 2 kWh, kwa hiyo zile 8 zako ni litre 4, Corolla ilikuwa inakula 3. Utakuwa unachoma esansi mingi zaidi ili uonekane hauchome.

Kuna na kitu watu hawasemi: tere. Kebo ya kuchaji inapima kama prizi iko na waya ya ardhi, isipoiona inakataa. Jirani yangu alikaa juma nzima na taa nyekundu, alishaanza kutukana aliyemuuzisha, kumbe parseli yake haikukuwa na tere tangu ijengwe. Fundi akapiga fimbo ya shaba kwenye udongo nyuma ya choo, akamwaga maji, usiku ule ule ikachaji.

Batri sasa, pale ndipo makuta yanalala. Leaf ya zamani haina maji ya kupoza batri, joto inaikula pole pole. Washa mutoka, angalia vijiti vidogo pembeni ya kipimo cha batri: mupya iko na 12. Ikibaki 8, batri imebaki kama theluthi mbili, utafanya kilometa 80 hivi ukiendesha na heshima, Likasi haufike. Mwambie shemeji akutumie picha ya ile dashbodi, na kama anaweza, picha ya LeafSpy, ile programu ya telefone inayosoma hali ya batri, juu vijiti kuna wajanja wanavirudisha kwa kudanganya kompyuta. Batri mupya ni maelfu ya dolare, inaweza kupita bei ya mutoka yenyewe.

Mi ningefanya hivi: kamata daftari, wiki mbili andika saa umeme unarudi na saa unaenda. Ikitoka masaa manne ya umeme kila usiku na vijiti viko 10, nunua, ila Corolla usiiuzishe mwaka wa kwanza. Vijiti 8, hata kwa 4,500 mi hapana.

ULIZO. Kobalti inatoka kwetu Kolwezi, sababu gani batri inatuletewa bei ya juu? (Kijana wa Katuba)

JIBU. Juu inatoka hapa ikiwa unga ndani ya magunia, inapita Kasumbalesa kwenye ile foleni ya makamyo unayoijua, inaenda mpaka Uchina, kule ndiko inasafishwa na batri inafanyiwa. Sisi tunanunua safari yote, ya kwenda na ya kurudi. Na siku hizi mitoka mingi ya Kichina inatumia batri za chuma na fosfeti, hazina kobalti hata kidogo, hiyo ongea na wachimbaji wa kwenu.