Mkono, penalti na VAR: wasomaji wanauliza, tunajibu

Yaya, jambo. Siku ya yenga tulikuwa mu salle ya vidio tunaangalia mechi, beki akaanguka, balo ikagonga mukono yake kabisa, arbitre akaenda kuangalia televisheni akarudi akasema hakuna penalti. Salle yote ikalalamika. Juu ya nini? Mukono haiko mukono? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Jambo mdogo wangu. Hili swali linakuja kila wiki na sichoki kulijibu juu watu wanagombana bure. Sheria haiulizi kama mpira umegusa mkono, inauliza ule mkono ulikuwa unafanya nini pale. Mchezaji akiupeleka kwenye mpira makusudi, kosa. Akijitanua, mkono umekaa mahali ambapo mwendo wa mwili wake haukuuhitaji, hiyo pia kosa hata kama hakutaka. Lakini mtu anayeanguka lazima mkono utangulie chini, jaribu mwenyewe kujiangusha ubavu kwenye kitanda uone kama mkono utabaki mfukoni!

Mimi Jumamosi huwa napulizia watoto wa mtaa filimbi. Juzi mmoja aliteleza kwenye matope, kiganja kikashika chini, vidole vimefunguka, mpira ukamfuata pale pale chini ukampiga kwenye kiwiko, na watoto wote wakapiga kelele "mukono!", hata wa timu yake. Nikawaambia endeleeni. Walininunia mpaka mwisho wa mechi lakini leo pia ningefanya vile vile.

Na wakubwa pia yanawapata. Fainali ya Afrika, Cairo, tarehe 19 Julai 2019, Algeria na Senegal: arbitre Alioum wa Kameruni akatoa penalti juu mpira umegonga mkono wa Guedioura wa Algeria, VAR, wale waamuzi wa vidio wanaokaa chumbani, ikamwita, akaenda kuangalia, akaona mkono uko karibu na mwili, akafuta. Algeria wakachukua kombe 1-0 kwa goli la dakika ya pili. Wasenegali waliumia sana ile siku, lakini uamuzi ulikuwa sawa.

Kitu kingine, bega si mkono. Tangu 2020 sheria imechora mpaka, mkono unaanzia pale kwapa linapoishia.

Kinachotuponza mu salle ni ile vidio ya polepole. Ukipunguza mwendo kila mkono unaonekana kama uliufuata mpira. Njo maana utaratibu wa VAR unasema polepole ni ya kuonyesha mpira umegusa wapi, lakini kuamua kama ni kosa la mkono, arbitre aangalie mwendo wa kawaida. Televisheni inaturudishia ile ya polepole mara tano na sisi tunakasirika mara tano.

Kwa nini beki akiguswa mkono na mpira bila kutaka anasamehewa, lakini mshambuliaji akiguswa bila kutaka goli linafutwa? Haiko haki. (Kijana wa Goma)

Ni kweli haviko sawa, na wameiweka hivyo makusudi. 2019 walikaza kabisa, mkono wowote wa timu inayoshambulia uliozaa goli, goli hakuna, hata kama aliyefunga ni mwenzake. Watu walilia sana, 2021 wakalegeza: sasa goli linafutwa kama yule yule aliyeguswa njo amefunga, kwa mkono wenyewe au papo hapo baada ya kugusa. Mpira ukikugonga mkono bila kukusudia ukaenda kwa mwenzako akafunga, goli liko. Mimi nakubaliana nayo, goli lililoingia kwa mkono halimezeki hata likiwa la bahati mbaya.

Baba anasema na sheria mpya, Suárez wa 2010 angepata kadi ya njano tu. Kweli? (Msomaji wa Lubumbashi)

Hapana, na umwambie baba kwa heshima. Mabadiliko ya 2024 yanasema mkono usio wa kukusudia ukizuia goli na penalti ikatolewa, kadi ni njano. Robo fainali ya Kombe la Dunia ile, Suárez wa Uruguay alikuwa kwenye mstari wa goli akausukuma mpira kwa mikono miwili, dakika za mwisho za nyongeza, Ghana wakiwa wanaingia nusu fainali. Ile ni nyekundu jana, leo na kesho. Gyan wa Ghana akapiga penalti akagonga mwamba, Ghana wakatolewa kwa matuta, na mimi bado inaniuma.

VAR inaweza kumrudisha arbitre kwa sababu ya tushi? (Goma)

Hapana. Mpira wa kurusha pembeni si kazi yake.

Mwanangu, Stade de la Concorde hapa kwetu itapata lini hiyo VAR? Watoto wetu wanaibiwa magoli. (Mama wa Panzi, Bukavu)

Mama, shikamoo. VAR yenyewe ni ghali, inataka kamera nyingi na waamuzi waliosomea kukaa kwenye skrini muda wote. Lakini kuna ndugu yake mdogo, FIFA waliijaribu 2024 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 kule Kolombia. Hakuna waamuzi wa chumbani, na kamera chache zinatosha. Kocha akiona ameonewa anazungusha kidole hewani, anampa mwamuzi wa nne kadi ya kuomba, arbitre anakwenda kuangalia mwenyewe. Kila kocha ana maombi mawili, akishinda ombi lake linarudi. Hiyo njo ningependa iletwe pale Concorde ya Kadutu kwanza, Mama, na wakiileta nitakuja kukaa jukwaani na wewe.